Figa la Tatu na Daraja Lililofungwa

Zimba, 11 Februari 1973

Kwako Shangazi, ambaye treni haikuleti tena,

Nakusalimu mara mbili, mara moja kwa kinywa changu na mara moja kwa kinywa cha mume wangu. Nimeandika "mume wangu" na kalamu imesimama yenyewe. Bado maneno hayo yananitia joto mashavuni, na ndoa yetu sasa inakwenda mwezi wa tatu.

Sisi ni wazima. Mvua imekuwa nzuri, mahindi ya mama mkwe yananifika kidevuni. Baba anaendelea na kikohozi chake, anasema ni vumbi, lakini vumbi gani hilo wakati wa mvua. Ng'ombe wawili wamezaa.

Shangazi, nikuambie kuhusu mume wangu Mweetwa. Akisahihisha madaftari anapiga mluzi, na mwanafunzi akipata hesabu yote mluzi unapanda juu. Mimi nikiwa uani najua darasa linaendeleaje. Juzi amebeba ndoo yangu ya maji kutoka kisimani mbele ya wanaume wenzake. Wakamwambia, "Ticha, na kanga utavaa lini?" Akawajibu, "Nikipata ya kunitosha." Masikio yake bado yamesimama kama ulivyoyaona siku ya harusi, ila mimi sasa nayaona mazuri mno.

Kitu kimoja tu kinaniuma. Bado napika kwenye jiko la mama mkwe. Yeye ameshatuwekea mafiga yetu mawili nyuma ya nyumba, mawe mazuri ya mtoni, na la tatu ni lako kuliweka, na moto wa kwanza ni wako kuuwasha. Nakumbuka ulivyowashia dada Choolwe, ukarudi asubuhi kutoa majivu ya kwanza kwa mikono yako, ukampaka kidogo kwenye paji la uso. Nilikuwa mdogo, nikaapa na mimi utanipaka.

Tulipanga uje mahindi yakishakauka. Halafu Januari wale wakubwa wa serikali ya kwenu ng'ambo ya mto wakafunga mpaka. Sasa wamesema wanafungua, na Rais wetu ndiye aliyekataa. Amesema daraja la Livingstone litabaki limefungwa upande wetu. Mume wangu alisikiliza hotuba redioni amesimama wima, kama yuko gwarideni. Anasema hakuna kiongozi Afrika nzima anayejua mambo ya nje kama huyu. Nami naamini hivyo. Naamini pia kwamba mtu mwenye moyo kama wake hataliacha daraja lifungwe mpaka mavuno.

Mwambie mtani wangu Munsaka, mwanao aliyekupa jina la Bina Munsaka, kwamba sijamsamehe kwa kucheza vibaya kwenye harusi yangu.

Mwanao,
Luyando

*

Wankie, 20 Machi 1973

Mwanangu Luyando,

Barua yako imefika. Imezunguka Botswana kwanza, imechoka kuliko mimi. Bahasha ilikuwa na gundi juu ya gundi, kwa hiyo kabla ya yote nawasalimu na wale wanaosoma barua zetu kabla hatujazisoma. Hamjambo? Poleni na kazi.

Mimi ni mzima. Goti linauma, meno yamebaki ya kutosha. Makaburini nimepalilia, mjomba wako amelala pasafi. Mvua kwetu ilikuwa kidogo, mtama umetoka, mahindi yamekataa.

Nimefurahi kuwa mume anabeba ndoo. Asizoee kusifiwa. Wanaume wakisifiwa kwa ndoo ya kwanza, ya pili huioni.

Sasa kuhusu Rais wenu. Unaniandikia habari za moyo wake kana kwamba umelala chumba kimoja naye. Mimi sijui moyo wake. Najua alichofanya. Wa huku walifunga mlango kwa hasira, wakatulia, wakaufungua. Yeye akaja akauegemea kwa mgongo. Alimwuliza nani? Kuna watu wa ukoo mmoja pande zote mbili za mto, tunaoana, tunazikana. Walipoziba mto na bwawa likajaa nilikuwa na mtoto mgongoni, tukahamishwa kutoka mtoni, nusu yetu huku na nusu huko, na hapo pia wakubwa walisema ni kwa faida ya siku za mbele. Siku hizo za mbele ndizo hizi. Nimekaa nazo hapa.

Mwambie mumeo akae chini anaposikiliza redio. Atachoka miguu bure.

Jiko lako nalifikiria kila siku. Usithubutu kuwashiwa na mtu mwingine.

Shangazi yako,
Bina Munsaka

*

Zimba, 15 Aprili 1973

Kwako Shangazi ninayekupenda hata unapogomba,

Wote tunakusalimu. Baba amepona kikohozi, sasa analalamika mgongo. Mama mkwe amekupelekea salamu, anasema yeye hachoki kunipa sehemu jikoni kwake, lakini naona anavyotazama ninavyokoroga ugali wangu wa nsima.

Nilimsomea Mweetwa barua yako. Pale pa ndoo alicheka hadi akashika mbavu. Pale pa Rais aliacha kucheka. Baadaye tulipokuwa tunakunywa kinywaji chetu cha chibwantu nje akasema, "Shangazi yako ana maneno makali, ila hajasema ni kwa nini wale walifunga." Nikamwuliza ni kwa nini. Akasema, "Kwa sababu tunawapa hifadhi vijana wa kwao wanaopigania uhuru. Walitaka Rais awafukuze. Amekataa kuwafukuza, na amekataa kufunguliwa mlango na mtu anayemtisha. Sasa shaba itapita mbali, reli ya kwenda Dar es Salaam haijaisha, sabuni imeadimika, na bado amekataa. Huyo unamwitaje?"

Nilimwita shujaa, Shangazi. Unisamehe. Mume wangu akieleza jambo anakuwa na sura fulani, ningemkubalia hata kama angesema mwezi ni chapati.

Kisha kuna habari kubwa. Kina mama wa chama wameniomba nizungumze Sikukuu ya Uhuru, Oktoba, pale uwanja wa shule. Wanasema mimi ndiye mke pekee hapa aliyefika sekondari, nieleze Rais ametufanyia nini katika mambo ya nchi za nje. Mweetwa ameanza kuniandikia hotuba, ameshajaza kurasa nne, na kila ukurasa una neno "msimamo". Nataka na neno lako liwemo. Si lile la mlango. Jingine.

Mbona hukunijibu kuhusu Munsaka? Hata tusi moja hakunitumia. Kila barua yako ya zamani alikuwa anaandika pembeni, "Mke wangu, yule mwizi aliyekuposa ameshajifunza kula?" Nimegeuza barua yako pande zote, sikuona kitu. Amekasirika? Mwambie aandike.

Mwanao,
Luyando

*

Wankie, 2 Julai 1973

Luyando,

Nimechelewa kujibu. Salamu kwa wote. Baridi ya mwaka huu ni ya kukata.

Munsaka amekwenda Bulawayo kutafuta kazi. Watu wa ofisi ya serikali wamekuja kuniuliza mara mbili, nami nimewaambia hivyo hivyo, amekwenda Bulawayo kutafuta kazi. Na wewe usiniulize tena.

Jiko langu limebaki na mafiga mawili. Napikia kwa jirani, kama bi harusi.

Neno la hotuba yako sina.

Bina Munsaka

*

Zimba, 19 Agosti 1973

Shangazi yangu wa pekee,

Barua hii haipiti posta. Anaibeba mama mmoja wa kanisa anayepitia Botswana, ameishona ndani ya pindo la shali yake, na atakupa mkononi. Kwa hiyo leo nasema yote. Ukishaisoma, itie motoni.

Yupo, Shangazi. Munsaka yupo. Nimemwona, nimemshika, ni mzima.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nachambua mboga uani, Mweetwa ameketi kwenye kinu anasahihisha. Wakatokea vijana watatu njia ya reli, wamejaa vumbi kiasi kwamba sikujua nani ni nani. Mmoja akasimama, akamtazama mume wangu vizuri, akasema, "Mke wangu, kwa hiyo ni kweli. Umeniacha kwa ajili ya masikio haya."

Mboga zote zilimwagika.

Mweetwa, namshukuru Mungu kwa ajili yake, hata hakushtuka. Akajibu, "Karibu, mume mwenza. Masikio haya yalikusikia unakuja tangu mtoni. Unatembea kama ng'ombe." Wakakumbatiana kama waliozaliwa pamoja.

Amekonda. Miguu yake sikutaka kuitazama, nikaleta maji ya moto na chumvi, nikaiosha mwenyewe huku ananitania kwamba hatimaye nimejua kazi ya mke. Walivuka mto mbali, juu kule, kwa mtumbwi wa watu wasioulizwa majina. Walikula nsima na maziwa ya mgando mpaka mama mkwe akapika mara ya pili. Na wakati wote alikuwa na gunia la sukari mapajani, hataki kuliweka chini.

Walipomaliza kula akalifungua. Shangazi, mimi nililijua kabla halijatoka lote. Nimelitazama utoto wangu wote likiwa chini ya chungu chako, lile figa lenye alama nyeupe upande mmoja kama kucha. Masizi bado yalikuwa juu yake. Akaniambia uliling'oa mwenyewe asubuhi aliyoondoka, likiwa na joto, ukasema, "Rais wao hataki nipite mimi. Basi apite huyu, na hili lipite naye." Na ukamwambia akilitupa njiani kwa sababu ya uzito asirudi kwako kamwe.

Amelibeba siku zote hizo. Wenzake walimcheka. Mmoja akaniambia, "Sisi tumebeba roho zetu, huyu kabeba jiko."

Sasa naelewa kimya chako cha Julai. Nami nilikuwa nakuandikia habari za mluzi.

Nilimwomba akae. Nilimwambia Mweetwa atamtafutia kazi ya kufunga vifurushi stesheni, kwa nini aende huko kambini kwa wapiganaji. Akaacha utani, nikamwona mtu mzima. Akasema, "Luyando, daraja lile likifunguliwa ujue kuna kitu Rais wenu amekitoa ili lifunguliwe. Kitu chenyewe ni mimi." Mweetwa akamtazama, akatazama chini. Ile sura yake ya redioni haikuwepo. Tangu siku hiyo hajagusa kurasa za hotuba.

Nawaza hivi, Shangazi, usiku na mchana. Daraja likiwa wazi ninakupata wewe na wewe unampoteza yeye. Likiwa limefungwa yeye ana mahali pa kukanyaga, na mimi nakulilia. Nimsifu vipi mtu huyo, na nimlaumu vipi? Zamani ilikuwa rahisi, nilikuwa namsifu kwa sababu mume wangu anamsifu.

Waliondoka Jumapili baada ya ibada. Hakutaka nimsindikize. Kutoka barabarani akapiga kelele ili majirani wote wasikie, "Mwizi, mlishe mke wangu vizuri, nikirudi nitampima." Sijui kambi gani. Hawasemi.

Figa lipo mahali pake. Sijawasha. Nasubiri mkono wako.

Mwanao anayekukumbuka mpaka mwili unauma,
Luyando

*

Wankie, 28 Septemba 1973

Mwanangu Luyando,

Nakusalimu, namsalimu mumeo na masikio yake, namsalimu mama mkwe wako aliyepika mara mbili. Nawasalimu na wa gundi.

Habari ya lile jiwe nimeipata. Nilikuwa nimesimama, nikakaa chini. Jirani akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, leo goti limepona. Nimeokota jiwe jingine kwa ajili ya jiko langu. Ni zuri tu, ila halinijui.

Umesema unasubiri mkono wangu. Sikia. Nimesubiri mavuno, yamepita. Nimesubiri baridi, imepita. Nilikuwa nakwenda stesheni kila treni ya abiria ilipotoka kwenda kwenye maporomoko ya maji, natazama watu wanaokwenda kuyaangalia na kurudi. Wazungu na kamera zao wanafika ukingoni, wanaliona daraja, wanalipiga picha, wanarudi kula. Nikaacha kwenda.

Washa, Luyando. Washa mwenyewe. Nilikukataza kuwashiwa na mtu mwingine, lakini wewe si mtu mwingine. Mwanamke hawezi kuishi mwaka mzima kama mgeni nyumbani kwake kwa sababu wakubwa wamenuniana. Chukua kaa moja kwa mama mkwe, funika kwa majani makavu, puliza taratibu, usipulize kama unapuliza chai.

Ila majivu ya kwanza niachie mimi.

Uliniomba neno la hotuba. Waambie kuna mama upande huu anayemtukana Rais wenu kila asubuhi akiamka. Ninayosema jioni usiwaambie. Ya jioni niachie mwenyewe.

Mimi sitaki shujaa. Nataka kuitwa mama nikiwa jikoni, na mtu mwenye njaa. Hiyo pia usiwaambie.

Shangazi yako,
Bina Munsaka

*

Zimba, 11 Novemba 1973

Kwako Shangazi, unayetukana asubuhi,

Tupo wazima wote. Joto ni kali, mawingu yanakuja yanatuchungulia yanaondoka. Baba amekuja kwa miguu kutoka kwake kuhudhuria sikukuu, mgongo wake umesahaulika. Mawe yetu yote ni mazima kwa kadiri tunavyojua, na kwa kadiri tusivyojua tunaomba.

Nilizungumza. Mweetwa aliniandikia upya karatasi moja tu, nikaenda nayo, nikaikunja. Uwanja ulijaa, bendera, ngoma, mwenyekiti wa chama amevaa suti katika joto lile. Kina mama waliotangulia walimshukuru Rais kwa kila kitu, hata mvua ambayo haijanyesha.

Nikasema nilikuwa bi harusi ambaye hakuwa amemaliza mwezi wakati mpaka wa nchi ulipofungwa. Nikasema nina shangazi ng'ambo ya mto anayemtukana Rais kila asubuhi. Watu wakacheka, wengi mno, nikajua kuwa si mimi peke yangu mwenye shangazi wa namna hiyo. Mwenyekiti akakohoa.

Nikasema, "Mmeniomba nieleze Rais amefanya nini nje ya nchi. Amekataa kununua amani kwa watu waliokuja kujificha kwetu. Kwa hilo nitasimama naye mpaka miguu ife. Lakini alipokataa, kuna kitu kilitolewa. Si cha ikulu. Ni shangazi yangu. Kwa wengine ni mama, ni makaburi, ni ng'ombe wa mahari walioko upande wa pili. Tumekitoa, sawa. Ninachoomba ni akumbuke kwamba alitoa kitu chetu, na isije siku akasema alikitoa yeye."

Nikamaliza hapo. Hakuna aliyepiga makofi, Shangazi. Nilisikia bendera zikipigwa na upepo. Kisha akapiga mtu mmoja kule nyuma kwenye madawati ya walimu, amesimama wima kama yuko gwarideni, masikio yanang'aa juani. Nilimpenda kiasi cha kutaka kukaa chini. Halafu bibi mmoja ambaye ng'ombe wake wa mahari wako ng'ambo ya mto akaanza kupiga vigelegele, na wengine wakafuata. Mwenyekiti alipiga makofi mwishoni, ya vidole.

Mwalimu mkuu amemwita Mweetwa ofisini mara mbili tangu siku hiyo. Ametoka anapiga mluzi. Ule wa chini.

Jioni ile ya sikukuu niliwasha. Nilichukua kaa kwa mama mkwe kama ulivyosema, nikapuliza taratibu. Mafiga mawili ya mtoni yalikaa yanatoa moshi kama wageni, la kwako ndilo lililoshika moto kwanza. Niliweka chungu, nikapika nsima ya kwanza ya nyumbani kwangu. Iliungua chini. Mweetwa amesema hajawahi kula nsima tamu hivyo, na mimi nimeamua kumwamini. Nilipakua sahani tatu, tukala mbili.

Moto haujazimika tangu siku hiyo. Nafukia makaa, asubuhi nafukua. Majivu yamejaa, yamefika usawa wa ile alama nyeupe. Mama mkwe anasema jiko litajizima kwa uchafu wake, na majirani wameanza kuniuliza kama kwetu tulifundishwa kufagia.

Nayasogeza pembeni kwa kijiti, chungu kipate kukaa. Nje sijayatoa.

Mwanao,
Luyando